Sir Joseph Barcroft: Msomi aliyepasuliwa mshipa wake kuitafuta oksijeni

WAHENGA hawakukosea walipotuasa tusione vyaelea, vimeundwa. Kile kibanio kidogo ambacho muuguzi humtia mgonjwa kidoleni ili kujua kiwango cha oksijeni katika damu yake, na ambacho ulimwengu mzima ulikizoea wakati wa janga la Covid-19 mnamo 2020, kina historia ndefu. Ni vigumu kuisimulia historia hiyo bila kumtaja Sir Joseph Barcroft, mtaalamu wa fiziolojia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza.

Barcroft hakukiunda kifaa hicho. Hata hivyo, miaka mingi kabla ya kifaa hicho kuenea, alikuwa ameshaeleza ni kwa nini kinaweza kumhadaa daktari anayemhudumia mgonjwa anayevuja damu.

Alizaliwa Julai 26, 1872 mjini Newry, kaskazini mwa Ireland. Jamaa zake walikuwa waumini wa madhehebu ya Quaker, ambayo yanafahamika sana magharibi mwa Kenya tangu wamishenari wake kutoka Marekani walipofungua kituo cha Kaimosi mwaka 1902. Alisomea shule ya Bootham jijini York na ile ya Leys mjini Cambridge, kisha akajiunga na Chuo cha King's katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko ndiko alikofanyia kazi hadi mwisho wa uhai wake.

Swali lililomshughulisha tangu ujanani lilikuwa moja: oksijeni husafiri vipi kutoka mapafuni hadi kwenye tishu za mwili, na tishu hizo huitumia kwa kiasi gani? Wakati huo, kupima gesi zilizomo katika damu kulihitaji damu nyingi na mitambo mizito. Mwaka 1902, Barcroft na John Scott Haldane walichapisha mbinu ya kupima gesi hizo katika damu kidogo tu. Mwaka uo huo wa 1902 ulifuatwa na ndoa: mnamo 1903 alimwoa Mary Agnetta Ball, binti ya mwanafalaki Sir Robert Ball. Mwaka 1910 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na kufikia 1914 alikuwa amechapisha kitabu kuhusu kazi ya damu katika upumuaji, kilichomjengea jina miongoni mwa wanasayansi.

Haldane, ambaye awali alikuwa mshirika wake, baadaye alitofautiana naye. Haldane aliamini kwamba mtu akiwa mahali pa juu penye hewa nyembamba, mapafu yenyewe huisukuma oksijeni kwa nguvu hadi ndani ya damu. Barcroft alishikilia kwamba oksijeni hupenya tu yenyewe, kutoka palipo na nyingi hadi palipo na kidogo.

Ili kuukata mzizi wa fitina, mnamo 1920 Barcroft alijifungia ndani ya chumba cha kioo kwa siku sita. Oksijeni ilipunguzwa hatua kwa hatua hadi hewa yake ikafanana na ile ya mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 5,000. Hatimaye alipasuliwa mshipa wa ateri mkononi ili damu yake ipimwe. Oksijeni ya damu hiyo haikuizidi ile ya hewa iliyokuwa mapafuni. Msimu wa 1921 na 1922 aliongoza msafara hadi Cerro de Pasco, mji wa migodi nchini Peru ulio zaidi ya mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, na matokeo yakawa yale yale.

Gharama ya ujuzi huo ilikuwa wazi. Aliyetaka kuijua oksijeni ya mtu alilazimika kumtoboa, na jibu lilihusu dakika ile moja pekee.

Mwaka huo wa 1920 vilevile, Barcroft aligawa ukosefu wa oksijeni mwilini katika aina tatu. Ya kwanza ni pale oksijeni isipoingia vyema katika damu, kama ilivyo mlimani au mapafu yanapougua. Ya pili ni pale himoglobini inayoibeba oksijeni inapopungua. Ya tatu ni pale damu inapozunguka polepole mno, hata ikiwa imesheheni oksijeni.

Mtu aliyepoteza damu nyingi hukabiliwa na aina mbili za mwisho. Mtu mzima ana takriban lita tano za damu. Anapoanza kuvuja, mwili hubana mishipa ya ngozi, misuli na matumbo ili moyo na ubongo visikose. Kwa sababu hiyo, shinikizo la damu linaweza kukosa kushuka hadi karibu thuluthi moja ya damu iwe imekwisha kumwagika. Kisha maji ya mwilini huingia mishipani kujaza pengo, na damu iliyosalia ikawa nyepesi. Damu ya kawaida hubeba takriban mililita 20 za oksijeni katika kila mililita 100. Himoglobini ikipungua kwa nusu, mzigo huo nao hushuka hadi 10. Kibanio cha kidoleni, ambacho huonyesha tu ni sehemu gani ya himoglobini iliyopo iliyobeba oksijeni, kinaweza kuendelea kusoma asilimia 98.

Barcroft aliendelea kuchunguza jinsi mwili unavyojikinga. Alibainisha kwamba bandama ya wanyama kama mbwa na paka ni ghala la damu, ambalo hujikunja na kumimina akiba yake mnyama anapokimbia au kuvuja damu. Mwanawe, Henry, alifuata nyayo zake, na mnamo 1944 alikuwa miongoni mwa madaktari waliochapisha uchunguzi kuhusu kuzirai baada ya kupoteza damu.

Joseph Barcroft alikuwa profesa wa fiziolojia Cambridge kuanzia 1925 hadi 1937, akatunukiwa hadhi ya Sir mwaka 1935 na Nishani ya Copley mwaka 1943. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuchunguza jinsi mtoto aliye tumboni anavyopata oksijeni. Aliaga dunia Machi 21, 1947.

Miongoni mwa waliofanya utafiti Cambridge katika miaka ya 1930 ni Mmarekani Glenn Millikan, aliyetumia mwanga kusoma oksijeni ndani ya misuli ya paka. Baadaye alirejea Marekani, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akaunda kifaa cha kubana sikioni kwa ajili ya marubani. Naye alifariki mwaka 1947, katika ajali ya kupanda mlima jimboni Tennessee. Mnamo 1974, Mjapani Takuo Aoyagi aliboresha wazo hilo kwa kufuata mpigo wa damu, na hapo kikazaliwa kibanio cha leo.

Mnamo 1977, Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alionyesha kwamba mwanga usioonekana kwa macho, ulio jirani na mwekundu, hupenya hadi ndani ya tishu. Vifaa vilivyotokana na ugunduzi huo huwekwa juu ya ngozi, kwa mfano kwenye msuli ulio chini ya kidole gumba. Kwa kuwa damu nyingi iliyomo humo ni ya mishipa midogo na vena, husoma kile kilichobaki baada ya tishu kujilisha. Kiwango kikishuka, ni ishara kwamba tishu zina njaa, hata kama kibanio cha kidoleni kinatuliza nyoyo.

Hata hivyo, mafuta chini ya ngozi, uvimbe na baridi huweza kuvipotosha vifaa hivi. Kibanio nacho kina kasoro nyingine: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulibaini kwamba kilishindwa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu.

Ndiyo maana mafunzo ya Barcroft hayajachakaa. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua, au majeruhi wa ajali ya barabarani, asiachwe asubiri kwa sababu tu kidole chake kimesoma 98. Damu iliyomwagika ihesabiwe, mapigo ya moyo yaangaliwe, mikono iguswe kama imepoa, na damu ya kuongezwa itafutwe mapema.