Paul Harris, avoka aliyechoka kukaa peke yake

Siku ya Mungu iliyopita, kijana mumoja wa kazi ya shimo alinifuata pa nyumba pamoja na bibi yake. Watu wa kikundi kimoja cha mu kartie walimualika aingie kwao. Wanasafisha mifereji, wanasaidia wazee na wagonjwa, hakuna mushahara. Alitaka kujua atapata nini mule, na bibi yake alitaka kujua zaidi yake. Mimi mutu wa sendika, kila siku nauliza mushahara uko wapi, hata mimi jibu halikukuja mbio. Basi nikawaelezea maisha ya Paul Harris, ule aliyeanzisha Rotary. Wengi wetu tunasikia lile jina na tunafikiri ni mambo ya matajiri tu. Hatukosee sana, lakini habari yenyewe ni ndefu kupita vile.

Alizaliwa tarehe 19 mwezi wa 4, 1868, mu muji wa Racine, jimbo la Wisconsin, kule Marekani. Alipokuwa na miaka tatu biashara ya baba yake ilianguka, na watoto wakapelekwa kwa nkambo wao mu kamuji ka Wallingford, jimbo la Vermont. Njo kule alikomalia, mu kamuji kadogo kwenye kila mutu anajuana na jirani yake. Alikuwa mutoto wa fujo. Universite ya Vermont ikamufukuza mu 1886, akapita Princeton mwaka mumoja, nkambo mwanaume akakufa mu 1888, na mwisho akamaliza masomo ya sheria ku universite ya Iowa mu 1891.

Sasa hapa njo kijana wangu alianza kusikiliza vizuri. Diplome iko mu mukono, lakini Paul Harris hakuenda kukaa mu biro. Alijipa miaka tano ya kuona dunia kwanza. Alipakia zabibu kavu mu California, akaandika mu gazeti San Francisco, akafundisha Los Angeles, akacheza teatre Denver, akachunga ngombe, akakesha usiku pa mapokezi ya hoteli mu Florida, kisha akatembea anauzisha marumaru. Alivuka hata bahari mu mashua ya kubeba ngombe mpaka Uingereza, yeye pamoja na wafanya kazi wengine, chakula kibaya, malalo mabaya. Maavoka wengi wanatetea mufanya kazi bila kujua harufu ya jasho yake. Huyu aliijua.

Mu 1896 akafika Chicago na akafungua biro yake. Kazi ilitembea. Ila siku ya Mungu ikifika, anazunguka mu mapark ya muji peke yake, anakula mu restora hii leo, kesho mu ile ingine, bila mutu wa kuzungumuza naye. Wale waliotoka mu kijiji wakakuja Likasi ao Kolwezi kutafuta kazi wanajua ile hali: unajua majina ya watu mia moja, lakini ukigonjwa hakuna wa kukuletea maji. Mangaribi moja ya mwaka 1900, avoka mwenzake alimualika kula kwake, kisha wakatembea kidogo mu kartie. Kila magazini waliyofika, yule rafiki alisalimia mwenyewe kwa jina. Paul akakumbuka Wallingford. Ile wazo alilala nalo miaka tano.

Tarehe 23 mwezi wa 2, 1905, siku ya kazi ine, alikula mangaribi na Silvester Schiele, muuzaji wa makaa ya mawe. Walipomaliza wakaenda pamoja mu biro namba 711 ya jengo Unity, barabara ya Dearborn. Ile biro ilikuwa ya Gustavus Loehr, enjenyeri wa migodi. Mutu wa ine alikuwa Hiram Shorey, mushonaji wa nguo. Ndiyo wandugu, Rotary ilizaliwa mu biro ya mutu wa migodi, hata kama Loehr mwenyewe hakukaa sana mu kilabu. Walipatana kukutana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na kule kuzunguka njo kulileta jina Rotary. Kila kazi ilitoa mutu mumoja tu, hivi hakuna kunyanganyana wateja. Mwenye kukosa mukutano alilipa amande. Harry Ruggles, mwenye kuchapa vitabu, alikuja nyuma kidogo na akaleta desturi ya kuimba.

Tuseme kweli: mwanzo ilikuwa sawa likelemba ya biashara. Mimi nanunua makaa kwako, wewe unashona koti kwa mwenzetu. Si mubaya, sisi wenyewe likelemba imesomesha watoto wetu. Lakini mu 1906 walimualika avoka mumoja, Donald Carter. Akasoma sheria yao, akauliza kilabu inafanya nini juu ya watu wa inje. Haikufanya kitu. Akakataa kuingia. Wangeweza kumukasirikia na kumuacha. Wakabadilisha sheria, wakaandika mule kazi ya kusaidia muji, na Carter akaingia. Mimi naona jina la huyu mutu lilistahili kusimama karibu na la Harris.

Na kazi ya kwanza kubwa ilikuwa nini? Musalani! Mu Chicago, katikati ya muji, hakukuwa vyoo vya watu wote. Tangu 1907 Harris na wenzake walikusanya vikundi vingine, wakaenda kubisha ku mulango wa wakubwa wa muji. Waliowapinga hawakuwa wadogo. Wenye pombe walisema vyoo viko mu nganda, na wenye magazini makubwa walisema wamama wanaweza kuingia kwao. Kilabu ikajibu kwamba mwanaume anaombwa kununua pombe kwanza, na mama anaombwa kununua kitu. Bibi ya kijana, ambaye mpaka pale alikuwa kimya, akacheka sana. Anauzisha mboga ku soko, hakuhitaji nimufasirie. Ilichukua karibu miaka mbili mpaka vyoo vikajengwa.

Mu 1908 kilabu ya pili ikafunguliwa San Francisco. Mu 1910, mwaka ule ule muji wetu wa Élisabethville ulizaliwa, zilikuwa zimefika 16, zikaungana, na Harris akawa prezida wa kwanza. Mwaka ule akaoa Jean Thomson, mwanamuke aliyezaliwa Scotland. Hawakuzaa. Mu 1912 kilabu ya Winnipeg, kule Kanada, ikaingia, na Rotary ikavuka mupaka.

Siwezi kuficha upande ule mwingine. Mule mulikuwa wenye biashara na wakubwa wa kazi. Muuzaji wa makaa alikaa pa meza, lakini mwenye kuyachimba chini ya udongo hakualikwa. Wamama walikubaliwa kwa sheria ya Rotary yote mu 1989 tu, na Paul Harris alikuwa amekufa zamani. Niliwaambia hawa wawili vile vile, na mama akaacha kucheka.

Alikufa Chicago tarehe 27 mwezi wa 1, 1947. Alikuwa ameomba watu wasilete maua, watoe franga juu ya kazi nzuri. Zikaingia nyingi, na mwaka ule wanafunzi 18 wakatumwa kusoma inchi za kigeni. Tangu 1985 Rotary inasaidia vita ya polio, ndani ya ile kazi kubwa inayoleta kwetu wale wanaobisha mulango na matone ya watoto. Harris walimuzika ku makaburi ya Mount Hope, pembeni ya Schiele, muuzaji wa makaa, aliyemutangulia.

Kijana akauliza mara moja tu, tulipokuwa tunasimama: kama yule Carter aliulizia swali lake mbele ya watu wote ao pembeni. Akasema posho hii ataenda kwa kile kikundi na atauliza vile vile, kisha ataona. Bibi yake akasema yeye pia ataenda.