Andrés Segovia: Gwiji aliyelivisha gitaa nyuzi mpya

MTU anayeingia katika duka la ala za muziki kununua nyuzi za gitaa hukabidhiwa pakiti ndogo, akalipa na kwenda zake. Ni wachache wanaofahamu kwamba nyuzi za nailoni, ambazo leo hufungwa katika karibu kila gitaa la muziki wa kale wa Ulaya, zilizaliwa kutokana na uhaba ulioletwa na Vita vya Pili vya Dunia, na kwamba zilikubalika duniani kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya sikio na jina la Mhispania mmoja.

Mhispania huyo ni Andrés Segovia, aliyefariki mwaka wa 1987 akiwa na umri wa miaka 94.

Segovia alizaliwa Februari 21, 1893 katika mji wa Linares, mkoani Jaén, kusini mwa Uhispania. Familia yake haikuwa na uwezo mkubwa, na angali mdogo alikabidhiwa kwa mjomba wake na mkewe wamlee. Baadaye alihamia Granada, mji ambao aliuhesabu kuwa ndiko alikozaliwa upya kwa uzuri wa muziki na majengo yake.

Katika enzi hizo, gitaa lilikuwa ala ya vilabu vya mvinyo, vinyozi na waimbaji wa flamenko. Wazazi wenye hadhi waliwataka watoto wao wajifunze kinanda au fidla. Walimu wa gitaa waliofahamu kusoma muziki walikuwa wachache mno, na Francisco Tárrega, aliyekuwa mkubwa wao, aliaga dunia mnamo 1909.

Ni mwaka huo huo wa 1909 ambapo Segovia, akiwa na umri wa miaka 16, alipiga gitaa mbele ya hadhira kwa mara ya kwanza mjini Granada. Hakuwa amefunzwa na mwalimu yeyote wa kutajika. Alijifunza mwenyewe kwa kusoma vitabu vya muziki alivyovipata kwa taabu, na hadi uzeeni alijivunia kuwa mwalimu na mwanafunzi wa nafsi yake.

Alipofika Madrid kujaribu bahati yake, hakuwa na gitaa la kufaa ukumbi mkubwa. Alikwenda kwa fundi mashuhuri Manuel Ramírez na kumwomba amkodishie gitaa kwa usiku mmoja, jinsi wapiga kinanda walivyokodishiwa vinanda. Ombi hilo lilikuwa kioja. Hata hivyo, baada ya kumsikiliza kijana huyo akipiga, fundi alimkabidhi gitaa lililotengenezwa mwaka wa 1912 bila kumtoza chochote. Segovia alizunguka nalo duniani kwa takriban miaka 25.

Safari hizo zilimfikisha Amerika Kusini, Paris mnamo 1924, na New York mnamo Januari 1928, alikopiga katika ukumbi wa Town Hall. Watunzi walianza kumtungia: Federico Moreno Torroba wa Uhispania, Manuel Ponce wa Mexico, Heitor Villa-Lobos wa Brazil na Mario Castelnuovo-Tedesco wa Italia. Mnamo 1935 aliwastaajabisha wengi mjini Paris alipopiga kwa gitaa ile Chaconne ya Bach, kazi nzito iliyoandikiwa fidla.

Kero ya utumbo

Sifa hizo zote zilitegemea kitu dhaifu mno. Nyuzi tatu za juu za gitaa la wakati huo zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo. Utumbo ulioshwa, ukakwanguliwa mafuta, ukapasuliwa, ukasokotwa ungali mbichi, ukakaushwa kwa kuvutwa na hatimaye kusuguliwa hadi ukawa laini. Nyuzi tatu za chini zilikuwa za hariri iliyozungushiwa waya mwembamba.

Sauti ya utumbo ilikuwa tamu na yenye joto, lakini tabia zake zilimtesa mpigaji. Utumbo hunywa unyevu. Ukumbi ukijaa watu na hewa ikawa nzito, uzi hubadilika na sauti hupotoka katikati ya wimbo. Jasho la vidole huuchakaza, nao huanza kuchanua nyuzinyuzi kama kamba kuukuu. Uzi wa kwanza, ambao ndio mwembamba kuliko zote, uliweza kukatika wakati wowote.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa unene usio sawa. Utumbo ni kiungo cha mnyama, na haulingani toka mwanzo hadi mwisho. Uzi ulio mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili hautoi sauti sahihi kila mahali. Unaweza kulingana barabara ukipigwa wazi, kisha ukapotoka mara kidole kinapoubana katikati ya shingo. Mpigaji alilazimika kujaribu nyuzi nyingi kabla ya kupata mmoja wa kuaminika.

Tatizo hili lilimhusu Segovia kuliko wenzake wengi kwa sababu ya namna yake ya kupiga. Kulikuwa na wapigaji wa Kihispania walioshikilia kwamba uzi uguswe kwa nyama ya kidole pekee. Segovia alitumia nyama na ukucha kwa pamoja, na kwa njia hiyo aliweza kubadilisha rangi ya sauti, ikawa nyororo mara hii na kali mara ile. Lakini ukucha hula utumbo haraka.

Kwa nini basi hakutumia nyuzi za chuma, ambazo tayari zilikuwa zimeenea Marekani? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, Segovia hakuipenda sauti ya chuma, wala hakutaka kusikia habari za kuongezewa sauti kwa umeme. Pili, gitaa lenyewe lisingestahimili. Nyuzi sita za gitaa la Kihispania huvuta kwa jumla ya kilo 40 hivi, ilhali nyuzi za chuma huvuta zaidi ya kilo 70. Ubao mwembamba wa uso wa gitaa hilo ungefura, daraja lingebanduka na shingo ingepinda.

Vita vyabadilisha mambo

Mnamo 1936 Uhispania ilitumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Segovia aliihama Barcelona, na akaenda kuishi Montevideo, Uruguay, pamoja na mkewe, mpiga kinanda Paquita Madriguera. Aliegemea upande wa Jenerali Franco, msimamo uliomletea lawama ambazo hazijaisha hadi leo miongoni mwa wanaoyachunguza maisha yake.

Mwaka uliofuata alipokea kutoka kwa Hermann Hauser, fundi wa Ujerumani, gitaa alilolihesabu kuwa bora kuliko yote. Hauser alikuwa amelichunguza gitaa la Ramírez tangu katikati ya miaka ya 1920, akawa anatengeneza moja baada ya jingine hadi alipofaulu.

Hivyo Segovia akawa na ala bora zaidi ya maisha yake wakati ule ule nyuzi zilipoanza kuadimika. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1939, biashara na Ujerumani na Italia, nchi zilizosifika kwa utengenezaji wa nyuzi za utumbo, ilivurugika. Utumbo uliopatikana ulihitajika hospitalini kwa ajili ya kushonea majeraha ya wanajeshi. Hariri nayo ilikatika baada ya Japani kuingia vitani. Segovia alijikuta akihesabu nyuzi zilizosalia.

Wahenga walisema kufa kufaana. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilikuwa imevumbua nailoni katika maabara ya mwanakemia Wallace Carothers mnamo 1935. Ilitumiwa kwanza katika miswaki mwaka wa 1938, kisha katika soksi za wanawake. Marekani ilipoingia vitani, nailoni yote ilielekezwa jeshini kutengenezea miavuli ya wanajeshi wa angani, kamba na vifaa vingine.

Kwa mujibu wa maelezo ya Segovia mwenyewe, mmoja wa marafiki waliomsikia akieleza shida yake mnamo 1944 alimtafutia nyuzi chache za nailoni. Alizijaribu. Zilikuwa imara na hazikujali unyevu, lakini sauti yake ilikuwa na mlio uliokaribia ule wa chuma. Hakuzikataa. Alitambua kwamba pana dawa ndani yake, ila ilihitaji fundi wa kuisafisha.

Fundi kutoka Denmark

Fundi huyo alikuwa Albert Augustine, mzaliwa wa Denmark aliyekuwa akitengeneza magitaa mjini New York. Naye pia alikuwa ameathiriwa na uhaba wa utumbo. Inasimuliwa kwamba aliiona nailoni katika duka la bidhaa zilizobaki za jeshi, akainunua na kwenda kuijaribu nyumbani. Wakubwa wa DuPont hawakuamini kwamba wapiga gitaa wangeikubali sauti ya uzi wa kiwandani.

Segovia na Augustine walipokutana, kazi ikaanza. Augustine alisugua nyuzi kwa mashine hadi unene wake ukawa sawa kutoka ncha hadi ncha. Kwa nyuzi za chini, alichukua nyuzinyuzi nyingi nyembamba za nailoni mahali pa hariri, akazizungushia waya. Kila jaribio lilipelekwa kwa Segovia, ambaye alilipiga, akalisikiliza na kutoa hukumu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 nyuzi hizo zilikuwa zikiuzwa madukani.

Suala lililowasumbua zaidi ni la unene. Sauti ya uzi hutegemea mambo matatu: urefu wake, nguvu inayouvuta na uzito wake. Urefu hauwezi kubadilishwa, maana gitaa limekwisha kutengenezwa, nao huwa sentimita 65 hivi. Nailoni ni nyepesi kuliko utumbo. Kwa hiyo, ili uzi wa nailoni uvutwe kwa nguvu ile ile na kutoa sauti ile ile, ni lazima uwe mnene kidogo zaidi.

Vipimo vya kawaida hadi leo ni takriban milimita 0.71 kwa uzi wa kwanza, 0.82 kwa wa pili na 1.02 kwa wa tatu. Uzi ukiwa mwembamba kupita kiasi hulegea na kugongagonga shingo ya gitaa. Ukiwa mnene kupita kiasi huwa mgumu kwa vidole, na sauti yake huziba. Ndiyo sababu uzi wa tatu, ulio mnene zaidi kati ya zile zisizozungushiwa waya, umebaki kuwa mtoto mtundu wa nailoni. Wapigaji wengi wa siku hizi huubadilisha kwa uzi wa aina ya kaboni, ambao ni mzito na hivyo huweza kuwa mwembamba.

Mabadiliko kama hayo yameshuhudiwa pia hapa Kenya. Nyatiti ya Waluo, ambayo zamani ilifungwa nyuzi za kano za ng'ombe, siku hizi hufungwa mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki. Sababu ni zile zile: uimara, bei na urahisi wa kupatikana.

Kwa Segovia, matunda yalionekana upesi. Aliweza kusafiri kutoka nchi za baridi hadi za joto bila hofu ya uzi kukatika, na kupiga katika kumbi zenye maelfu ya wasikilizaji. Aidha, wanafunzi wasio na fedha, ambao hawangemudu kununua nyuzi za utumbo kila mara, sasa waliweza kujizoeza kwa miezi kadhaa na nyuzi zile zile. Kuenea kwa masomo ya gitaa katika vyuo vya muziki baada ya vita hakuwezi kutenganishwa na jambo hilo.

Mwalimu mkali

Kuanzia mwaka wa 1950 Segovia alifundisha mjini Siena, Italia, na baadaye Santiago de Compostela, Uhispania. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni John Williams wa Australia na Alirio Díaz wa Venezuela. Alikuwa mwalimu asiyependa kupingwa. Mwanafunzi aliyethubutu kubadilisha mahali pa kuweka kidole alikaripiwa hadharani, na watunzi ambao muziki wao haukumpendeza hawakupata nafasi kwake.

Mnamo 1981 Mfalme Juan Carlos alimtunukia cheo cha Markizi wa Salobreña. Magitaa yake mawili ya kihistoria, la Ramírez na la Hauser, yalikabidhiwa jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York mwaka wa 1986, na yangali yamehifadhiwa huko.

Augustine alikuwa ametangulia kufariki mnamo 1967, na mkewe Rose akaiendeleza kampuni kwa miongo kadhaa. Segovia aliendelea kupiga hadi miezi michache kabla ya kifo chake. Alifariki mjini Madrid Juni 2, 1987 kutokana na maradhi ya moyo, na mabaki yake sasa yamezikwa Linares alikozaliwa.

Santuri alizorekodi kuanzia 1927 hadi 1939 zilipigwa kwa nyuzi za utumbo, na zile za miaka ya 1950 kwa nailoni. Msikilizaji akizilinganisha hutambua tofauti ya nyuzi. Mkono uliozipiga, hata hivyo, ni ule ule, nao hutambulika tangu sauti ya kwanza.