Mfahamu Andrew Keller, mkimbizi aliyegundua jinsi plastiki inavyojikunja

Dumu la maji unalopishana nalo kila kona ya Kipawa limetengenezwa kwa polietilini, plastiki yenye minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni. Namna minyororo hiyo inavyojipanga ilikuwa fumbo mpaka mwaka 1957. Aliyelifumbua ni Andrew Keller, jamaa aliyetua Uingereza bila hata kumaliza shahada yake ya udaktari.

Atoka Budapest

Keller alizaliwa mwaka 1925 mjini Budapest, Hungaria, katika familia ya Kiyahudi. Vita Kuu ya Pili ilimkuta kijana, na Wayahudi wengi wa nchi hiyo waliuawa. Yeye alinusurika, akasoma kemia chuo kikuu.

Mwaka 1948, udaktari ukiwa bado haujaisha, aliikimbia nchi yake. Uingereza alipata kazi katika kampuni ya kemikali ya ICI, Manchester. Mwaka 1955 akahamia Chuo Kikuu cha Bristol, alikokuwa mwanafizikia Charles Frank.

Siri ilikuwa kwenye kiyeyushi

Plastiki ikiyeyushwa kwa moto tu, minyororo yake inasokotana kama tambi kwenye bakuli. Ikipoa, inaganda na vurugu hiyo hiyo. Keller akapita njia nyingine: aiyeyushe ndani ya kimiminika ili minyororo iachane, kisha aipoze taratibu.

Hapo lazima upate kimiminika kinachopatana na plastiki. Rangi ya mafuta ikikuganda mkononi, maji hayaitoi, lakini petroli inaitoa. Polietilini nayo haishughuliki na maji. Keller alitumia zailini ya moto, kiyeyushi kinachotokana na mafuta ya petroli. Ilipopoa, zikajitokeza fuwele ndogo bapa, zenye umbo kama uru kwenye karata.

Akazipima kwa hadubini ya elektroni. Unene ulikuwa kama nanomita 10. Ukirundika fuwele milioni 1, ndiyo unapata sentimita 1. Ajabu ni kwamba minyororo ilisimama wima ndani yake, na kila mmoja ulikuwa mrefu mara nyingi kuliko unene huo. Sasa unaeneaje? Jibu la Keller: unajikunja kwenda na kurudi, kama kamba ndefu inavyokunjwa.

Kiyeyushi kikibadilika, fuwele inabadilika

Zailini inapatana vizuri na polietilini, kwa hiyo joto lazima lishuke sana ndipo fuwele zianze kujitenga. Kiyeyushi dhaifu kinataka joto kubwa zaidi ili kuiyeyusha, na fuwele zinaanza kutokea joto likiwa bado juu.

Mwaka 1985 Keller na mwenzake Sally Organ walionyesha matokeo yake. Kadiri fuwele zinavyokua kwenye joto la juu, kingo zilizonyooka za uru zinapinda, hadi umbo linafanana na jani. Unene nao unafuata pengo kati ya joto la kuyeyukia na joto la kugandia. Pengo likiwa kubwa, fuwele inakuwa nyembamba. Likiwa dogo, inakuwa nene. Kwa hiyo ukibadilisha kiyeyushi bila kugusa joto la kugandia, unene unabadilika pia.

Ubishi na mshindi wa Nobel

Si wote waliokubali. Paul Flory, Mmarekani aliyeshinda Nobel ya Kemia mwaka 1974, alipinga wazo kwamba mnyororo unageuka na kurudi palepale jirani. Kwake, ulitoka na kuingia tena popote, bila mpangilio. Mwaka 1979 wanasayansi walikutana Cambridge na mjadala ukawa mkali.

Vipimo vya baadaye vilimpa kila upande chake. Kwenye fuwele zilizokua ndani ya kiyeyushi, mikunjo ya karibu ni mingi. Kwenye plastiki iliyoyeyushwa kwa moto na kupoa, kama ya dumu, mambo yamechanganyika zaidi.

Bristol ilimpa Keller ile shahada ya udaktari aliyoikosa kwao, na mwaka 1972 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Alifariki mwaka 1999 akiwa na miaka 73. Mikunjo aliyoiona kwenye zailini leo inafundishwa popote panaposomeshwa sayansi ya plastiki.