Habari za Paul Gerhardt, Mtunga Nyimbo

Wengi wetu tumeimba nyimbo za Paul Gerhardt pasipo kulijua jina lake, kwa maana baadhi yake zimefasiriwa hata kwa Kiswahili. Mwezi huu tumeona vema kuwaletea habari za maisha yake, hasa kwa ajili ya wale walio katika majaribu, ambao vinywa vyao vimekuwa vizito kuomba.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1607 katika mji mdogo wa Gräfenhainichen, nchi ya Ujerumani. Alipokuwa na umri wa miaka 11 vikaanza vita vilivyodumu miaka 30, tangu 1618 hata 1648. Baba yake akafa 1619, na mama yake 1621. Hivyo akawa yatima kabla ya kutimiza miaka 15. Akasoma shule huko Grimma, na tangu 1628 katika chuo kikuu cha Wittenberg, alikofundisha Martin Luther zamani. Mwaka 1637 askari wa Uswidi wakauteketeza mji wa kwao kwa moto.

Kwa miaka mingi hakupata usharika. Alikaa Berlin katika nyumba ya wakili mmoja, jina lake Berthold, akiwafundisha watoto. Huko akajuana na Johann Crüger, mwimbishaji wa kanisa la Mt. Nikolai, aliyezitilia nyimbo zake sauti. Katika kitabu cha Crüger cha 1647 zilitokea nyimbo 18 za Gerhardt, na katika kile cha 1653 nyingi zaidi. Mmoja wa hizo za 1653 una beti 12, nao umejengwa juu ya Zaburi 37:5. Kila ubeti waanza kwa neno la aya hiyo, hata mtu akiyasoma maneno ya mwanzo tu, toka juu mpaka chini, aipata aya yote.

Watu husimulia ya kwamba aliutunga wimbo huo siku alipofukuzwa Berlin, akiwa njiani katika nyumba ya wageni, mkewe akilia karibu naye. Hadithi hiyo yapendeza, lakini si kweli. Taabu ile ilimpata 1666, nao wimbo ulikuwa umekwisha kupigwa chapa miaka 13 kabla yake. Nasi twaona kwamba kweli yenyewe yaipita hadithi. Sala ile aliwaandikia wengine kwanza, ndipo siku zikaja ambazo hakuwa na budi kuiomba yeye mwenyewe.

Maana mwaka 1651 alibarikiwa kuwa mchungaji, akatumwa Mittenwalde. Mwaka 1655, akiwa amekaribia miaka 48, alimwoa Anna Maria, binti wa yule wakili. Mtoto wao wa kwanza, Maria Elisabeth, alizaliwa 1656, akafa 1657 asijatimiza mwaka. Mwaka uo huo wakahamia Berlin, katika kanisa la Mt. Nikolai. Walizaa watoto watano, wakazika wanne.

Kisha likaja jaribu la kazi. Mtawala wa Brandenburg, Friedrich Wilhelm, alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Calvin, tena alichoshwa na magomvi ya wahubiri. Mwaka 1664 akatoa amri wasishutumiane mimbarani, akawataka wachungaji watie sahihi. Gerhardt alikuwa mtu mpole, wala hakuwa na desturi ya kuwatukana wengine. Lakini aliona kwamba kutia sahihi ni kuacha sehemu ya maandiko ya imani ya Kilutheri aliyoyaapia alipobarikiwa. Akakataa, akaondolewa kazini 1666. Wenyeji wa mji wakamwombea, na mapema 1667 mtawala akamrudisha pasipo kumdai sahihi, ila kwa kutumaini kwamba ataishika amri kimoyomoyo. Hilo likamsumbua dhamiri, akaiacha kazi kwa hiari yake. Wako wanaomwita mkaidi. Nasi, tulio na ndugu wa makanisa mengine, hatuoni kwamba amri ile ilikuwa mbaya yote. Lakini mtu aliyekuwa na mke mgonjwa na mtoto mdogo, akaacha mshahara uliokwisha kurudi mkononi mwake, hakufanya hivyo kwa mchezo.

Anna Maria akafa Machi 1668. Mzee akabaki na mwana mmoja tu, Paul Friedrich.

Mwaka 1669 akaenda Lübben, nje ya nchi ya mtawala yule, akatumika huko miaka saba. Alipoona mwisho wake wakaribia, alimwandikia mwanawe wosia, akimwonya akimbie choyo na kuridhika na kile apatacho kwa haki. Akafa tarehe 27 Mei 1676, akazikwa katika kanisa la Lübben, ambalo leo laitwa kwa jina lake. Inasimuliwa ya kwamba saa ya kufa aliomba kwa ubeti wa wimbo wake mwenyewe, ule wa Mkristo asiyetishwa na mauti, uliokuwa umepigwa chapa tangu 1653, kabla hajazika hata mtoto mmoja.