Ibn Majid na Elimu ya Nyota

Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, alikuwa bingwa wa ubaharia katika karne ya 15. Elimu aliyoirithi kwa baba na babu yake aliiandika, ikiwamo njia ya bahari ipitayo Kilwa hadi Sofala, huku akipima kimo cha nyota kwa vidole. Zama hizo dunia ilidhaniwa imetulia katikati ya mbingu. Mwaka 1543 kitabu cha Copernicus kikaliweka jua mahali hapo. Hata hivyo vipimo vya Ibn Majid havikutanguka, kwani vilitokana na kutazama. Twazisihi idara zihusikazo ziandike elimu ya manahodha wazee wa Kilwa Kisiwani na Songo Songo, kabla haijazikwa pamoja nao.