Munganga Livingstone na Dawa ya Kulalisha

Wengi wetu tunamujua David Livingstone kama mutu wa safari na wa Injili. Lakini alikuwa munganga pia, na ni upande ule ninataka kuwasimulia.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 kule Blantyre, Scotland. Akiwa na miaka 10 alikwisha kuingia kazi mu kiwanda cha pamba. Kiisha akasoma uganga kule Glasgow, akapata diploma mwaka 1840. Wakati ule dawa ya kulalisha mugonjwa haikuwa bado. Wanaume wa nguvu walimukamata mugonjwa juu ya meza, munganga akapasula mbio mbio. Fikirini!

Mwaka 1844, kule Mabotsa katika Afrika ya Kusini ya leo, simba alimurukia, akamukamata ku bega na kumutikisa. Mufupa wa mukono wa kushoto ukavunjika. Mwalimu Mebalwe akajaribu kupiga bunduki. Simba akamurukia yeye, akamuuma, halafu akaanguka kwa risasi za Livingstone za kwanza. Nyuma Livingstone aliandika ya kwamba mu kinywa cha simba hakusikia maumivu wala woga, na huku alijua yote yaliyokuwa yakifanyika. Aliifananisha na hali ya mugonjwa aliyepewa kloroformu kidogo.

Kulalisha kabisa si vile. Eta ilionyeshwa Boston tarehe 16 Oktoba 1846, kloroformu Edinburgh mwaka 1847. Kwa mukono wake ilichelewa. Mugonjwa wa leo anapewa dawa mu mushipa, ao anaivuta kwa pumzi. Fahamu inaondoka, misuli inalegea. Si usingizi wa usiku: ukimwita haamuki, na pumzi inaweza kusimama. Kwa hiyo mutu mumoja anabaki ku kichwa chake, anachunga pumzi na moyo mpaka aamuke. Koo nayo inalegea, chakula kinaweza kupanda na kuingia mu mapafu. Mutu wa kwetu Kamalondo akimupelekea mugonjwa bukari kwa siri mbele ya kupasuliwa, anafikiri ni mapendo, kumbe anamutia mu hatari ya kufa.

Mukono wa Livingstone haukupona muzuri. Alitembea nao vile mpaka Ziwa Moero, mupakani mwa Katanga yetu, mwaka 1867, na Nyangwe mwaka 1871. Alikufa mwanzo wa Mei 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao wakabeba mwili mpaka pwani. Kule London, mwaka 1874, munganga Fergusson akaangalia ule mufupa uliovunjwa na simba, akajua ni yeye.