Maisha ya John Akii-Bua, Mruka Viunzi

Muhula uliopita, baada ya mchezo wa mpira wa kikapu katika uwanja wa shule yetu hapa Sikuda, kulitokea ubishi mkubwa bwenini. Ubishi wenyewe ulimhusu kijana mmoja wa timu yetu achezaye nafasi ya gadi, yaani yule mwenye kuuleta mpira na kuwagawia wenzake. Wengine walisema kwamba kijana huyu akifika chuo kikuu hatakosa kuwa mchezaji wa kulipwa, maana siku ile alitia vikapu vingi kuliko wote. Wengine wakakataa kabisa, wakasema kuwa ni mfupi, na mfupi hafiki mbali katika mchezo ule. Taa zikazimwa kabla ya ubishi kwisha. Kumbe mwenyewe alikuwa macho kitandani mwake anasikia kila neno, na kwa siku nne baadaye hakuonekana mazoezini.

Mimi usiku ule nilinyamaza, kwa kuwa sikujua upande upi ulikuwa na haki. Lakini tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kijana hupimwaje, na ni nani awezaye kusema mapema kwamba huyu atafika na huyu hatafika. Katika kufikiri hivyo nikayakumbuka maisha ya John Akii-Bua, Mganda wa kwanza kupata nishani ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki. Basi wasomaji wapenzi, nataka niwaeleze habari zake kwa ufupi, nanyi mtaamua wenyewe.

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Lango, kaskazini ya Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wanane, na watoto wa boma lile walikuwa zaidi ya arobaini. Katika wingi wa namna hiyo mtoto hawezi kungoja kubembelezwa. Alichunga ng'ombe kama watoto wengine wa kwao, tena hakukaa shuleni siku nyingi. Alipokuwa bado kijana wa miaka kumi na kitu aliacha masomo, na katikati ya miaka ya 1960 akaenda Kampala kuingia polisi. Mtu aliyemwona wakati ule angesema kwamba huyu ni askari mrefu mwenye afya, basi. Hakuna ambaye angediriki kusema kwamba dunia nzima italijua jina lake.

Katika polisi alikutana na mtu wa kwanza aliyemwona vizuri. Huyu ni Ochana, afisa wa polisi ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa kuruka viunzi. Ochana alimfundisha mbio fupi za viunzi, zile za mita 110, ambazo viunzi vyake ni virefu, vyapita kidogo mita moja kwenda juu. Kosa la wanaoanza ni kuruka juu mno kama mbuzi arukaye ua, na kila wakati mtu awapo hewani anapoteza mwendo. Kwa hiyo Ochana alifanya jambo moja la ukali. Aliweka ufito juu ya kiunzi, akaacha nafasi ya kupita katikati. Mwanafunzi akiruka chini mno anagonga kiunzi, na akiruka juu mno anapigwa na ufito. Akii-Bua alipigwa mpaka akatoka damu, akabaki na kovu katika paji la uso. Lakini hakukimbia mafunzo. Nadhani hapa ndipo palipokuwa na dalili ya kwanza, wala haikuwa dalili ya kasi. Ilikuwa ya mtu aliyekubali kurekebishwa hata kwa maumivu.

Mwaka 1968 alikuja Uganda Mwingereza mmoja, Bwana Malcolm Arnold, kuwafundisha wanariadha wa taifa. Huyu ndiye mtu wa pili aliyemwona. Akii-Bua wakati ule alikuwa akishinda katika mbio fupi za viunzi hapa nyumbani, na mwalimu mwingine angaliridhika na ushindi huo akamwacha hapo hapo. Arnold akamhamisha, akamtia katika mbio za viunzi za mita 400.

Wasiojua mbio hizi nitawaeleza kidogo. Mkimbiaji huzunguka uwanja mara moja, akaruka viunzi 10, kila kimoja kimo chake kama sentimita 91. Toka mwanzo mpaka kiunzi cha kwanza ni mita 45, na kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35. Sasa shida ni hesabu ya hatua. Mtu akipiga hatua 13 kati ya viunzi, kila mara ataruka kwa mguu ule ule. Akichoka hatua zake hufupika, na 13 hazimfikishi tena. Kama anajua kuruka kwa mguu mmoja tu, imempasa aongeze hatua mbili kwa mara moja, ziwe 15, na hapo mwendo unavunjika. Lakini mwenye kuweza kuruka kwa mguu wo wote, wa kulia au wa kushoto, aweza kuongeza hatua moja tu, zikawa 14, asipoteze kitu kikubwa. Akii-Bua alijifunza kutumia miguu yote miwili. Jambo hili halikuonekana katika orodha ya washindi, nalo lilikuwa na thamani kuliko nishani za nyumbani.

Mwaka 1970 alipelekwa Edinburgh, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alikuwa wa nne. Aliyeshinda ni John Sherwood wa Uingereza, na wa pili alikuwa William Koskei, ambaye wakati ule aliikimbilia Uganda. Wa nne hapandi jukwaani wala hapigiwi wimbo wa taifa, na watu wapimao kwa nishani peke yake walimpita bila kumtazama. Walakini yeye na mwalimu wake walirudi kazini. Mwaka 1971 alikwenda Marekani, akashinda huko Durham katika North Carolina, na muda wake ukawa bora kuliko wa mtu ye yote duniani mwaka ule. Hata hivyo wengi hawakumhesabu, maana hakuwa amezoea mashindano makubwa.

Kwa ajili ya Olimpiki ya Munich alijitesa kwa mazoezi. Alivaa fulana yenye uzito wa ratili 25 hivi, akakimbia na kuruka viunzi vilivyoinuliwa kuliko kimo cha kawaida, akarudia tena na tena. Siku ya fainali, tarehe 2 Septemba 1972, alipewa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Wakimbiaji hawaipendi njia hiyo, kwa sababu kona yake ni kali na humvuruga mtu mrefu katika hatua zake. Aliyekuwa akitazamwa zaidi ni David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Olimpiki iliyotangulia ya Mexico, mwenye rekodi ya dunia. Hemery alianza kwa kasi ya ajabu. Lakini walipotoka katika kona ya mwisho, yule askari wa Kampala alikuwa amekwisha kumpata na kumpita. Alimaliza kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia. Hakuna mtu aliyekuwa amekimbia mbio zile chini ya sekunde 48 kabla yake. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili kwa sekunde 48.51, naye Hemery wa tatu kwa 48.52. Akii-Bua hakusimama kupumzika. Kwa furaha aliendelea kukimbia kuuzunguka uwanja, akiruka viunzi ambavyo hakuna aliyemtaka aviruke.

Aliporudi Uganda alipokewa kwa shangwe, na barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake. Mwezi Januari 1973 alishinda tena Lagos katika Michezo ya Afrika Nzima. Lau habari zingeishia hapa zingekuwa tamu, lakini maisha ya mtu hayaishii katika ushindi wake.

Wakati huo Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, na watu wa Lango na Acholi walikuwa wakiwindwa na kuuawa. Akii-Bua alikuwa Mlango, tena askari, na sifa yake ilimfunika kwa kiasi fulani tu. Mwaka 1976 ilifika Olimpiki ya Montreal, ambako watu walitaka sana kumwona akishindana na kijana mpya wa Marekani, Edwin Moses. Nchi nyingi za Afrika, na Uganda mojawapo, zilijitoa katika michezo ile kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya ragbi Afrika Kusini. Moses akakimbia bila mshindani huyu, akashinda kwa sekunde 47.64, na rekodi ya Akii-Bua ikavunjika yeye hayupo uwanjani.

Mwezi Aprili 1979 Kampala ilitekwa na jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Katika machafuko ya wakati ule Akii-Bua aliogopa kwamba atahesabiwa kuwa mtu wa serikali iliyoanguka. Akavuka mpaka pamoja na jamaa yake kuingia Kenya, na huko akawekwa katika kambi ya wakimbizi. Sisi tunaoishi karibu na Busia na Tororo tunaujua mpaka, twaona malori na watu wakipita kila siku. Lakini kila nikiuona nafikiri habari ya bingwa wa Olimpiki aliyeuvuka bila kujua kesho atalala wapi. Wenye kiwanda cha viatu cha Puma walimsaidia kutoka kambini, wakampa kazi Ujerumani. Mwaka 1980 alikimbia tena katika Olimpiki ya Moscow, akaishia nusu fainali, maana umri na taabu vilikuwa vimekwisha mpunguza. Baadaye alirudi Uganda, akarudi katika polisi, akawafundisha vijana. Alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47 tu, akazikwa kwa heshima za taifa. Uganda ilikaa mpaka mwaka 2012 kabla ya kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, siku Stephen Kiprotich aliposhinda mbio ndefu za marathoni huko London.

Nimejifunza nini katika maisha haya? Kwanza, wale waliompima Akii-Bua kwa ushindi wake wa mapema walikosea, na wale waliompima kwa kushindwa kwake Edinburgh nao walikosea. Ochana na Arnold walimtazama katika mazoezi, siku ambazo hakuna anayepiga makofi. Naye Arnold hakubahatisha, kwa kuwa miaka mingi baadaye alimfundisha Colin Jackson, aliyeweka rekodi ya dunia ya viunzi vya mita 110 mwaka 1993. Pili, hata kipimo kilicho sahihi hakimlindi mtu na mambo ya dunia. Nguvu za miguu zilimpa dhahabu, wala hazikumwepusha na kambi ya wakimbizi. Kwa hiyo kijana mwenye kipaji asikitupe kitabu chake.

Ama kuhusu gadi wetu, sisi sote bwenini tulipima kwa vikapu na kwa kimo, na hakuna hata mmoja aliyesema kwamba kijana huyu hajui kupiga mpira kwa mkono wa kushoto. Siku ya tano nilimfuata nikamsimulia habari za miguu miwili ya Akii-Bua. Hakunijibu neno. Lakini jioni ya jana nilipopita uwanjani nilimkuta peke yake, mkono wa kulia ameuweka nyuma ya mgongo, anaukimbiza mpira kwa mkono wa kushoto, nao unamtoroka, naye anaufuata. Kama atakuwa mchezaji wa kulipwa mimi sijui. Ila nikiulizwa sasa, nitataka kwanza kumtazama tena jioni ya leo.